Goma–Kinshasa: raia anakwenda mashariki ili afike magharibi

Kati ya Goma na Kinshasa kuna karibu kilomita 1,560 kwa njia ya anga. Ndege kubwa ilizimaliza kwa muda wa saa 2 hivi. Na kwa kuwa Kinshasa iko nyuma ya Goma kwa saa 1, mkaaji wa Mabanga aliyeruka saa nne asubuhi alitua Ndjili saa tano, siku ingali yake. Mkononi alikuwa na tiketi na kadi yake ya mpiga kura, basi.

Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma na uwanja wa ndege kufungwa, hesabu hiyo imebadilika kabisa. Ndege za Rwanda haziruhusiwi katika anga ya Congo, kwa hiyo hata Kigali haitoi njia ya moja kwa moja. Msafiri anavuka mpaka hadi Gisenyi, anapanda basi kilomita 160 hivi za milima hadi Kigali, anaruka kilomita 750 hadi Nairobi, halafu ndipo anageukia Kinshasa, kilomita nyingine 2,400. Jumla inapita kilomita 3,300, zaidi ya mara mbili ya njia ya zamani. Akikosa kuunganisha ndege, analala njiani kwa makuta yake mwenyewe.

Tena anahitaji pasipoti. Mkongomani anaombwa pasipoti ili afike katika mji mkuu wa nchi yake, na pasipoti hiyo inatolewa na serkali iliyoko huko Kinshasa.

Mwenye makuta atalalamika, lakini atafika. Anayebaki ni mgonjwa aliyeandikiwa kwenda kutibiwa Kinshasa, mwanafunzi aliyepata nafasi chuoni, na mama mchuuzi. Hao hawana barabara ya kuwaokoa, kwa maana hakuna barabara nzima inayounganisha Goma na Kinshasa. Kwao ndege haikuwa anasa, ilikuwa ndiyo barabara.

Mwezi wa Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilifunika karibu kilomita 1 ya njia ya kurukia. Hata hivyo ndege zilirudi kutua kwenye sehemu iliyobaki. Kilichoshindwa na volkano sasa kimewezekana kwa ugomvi wa watu.

Tarehe 30 Oktoba 2025, mjini Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja utafunguliwa kwa ndege za misaada. M23 ilipinga, ikisema haikushirikishwa. Misaada ni ya lazima, lakini haitoshi. Mazungumzo yoyote kati ya Kinshasa na M23 yaweke mezani pia ndege za raia, pamoja na usalama wao na ukarabati wa uwanja. Pande zote mbili zinadai kuwatetea wakaaji wa Goma. Basi zianze kwa kuwarudishia zile saa 2.