Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Mwanafunzi mpendwa, methali hii umeikariri. Sasa ipime kwa historia ya nchi yetu. Mwaka 1995, wakati wa vita, homa ya chawa, yaani tifasi, ilizuka katika gereza la Ngozi. Kufikia 1997 ilikuwa imeenea katika kambi za waliohamishwa makwao, na waliokadiriwa kuugua walifikia 100,000. Chawa wa nguo haambukizi kwa kuuma: vijidudu vimo katika kinyesi chake, navyo hupenya ngozini mtu anapojikuna.

Wapo wasemao kwamba chawa ni aibu ya mtu mchafu. Nakanusha! Mwenye vazi moja tu, asiye na sabuni wala maji, angefua kwa nini, na angevaa nini wakati vazi limeanikwa? Vita ndivyo vilivyomvika chawa. Dozi moja ya doksisiklini huweza kumponya mgonjwa, lakini anayechekwa huuficha ugonjwa wake.

Basi usimcheke jirani yako wa Buyenzi au Kinama. Mpe sabuni, mchemshe nguo pamoja, umsindikize kwenye kituo cha afya. Kisha wadai viongozi maji safi, mitaani na magerezani. Kidole cha pili ni chako.