Tunda Halifuti Sukari

Makala iliyotushauri tuchague aiskrimu ya stroberi badala ya vanila, eti kwa kuwa ina tunda na mafuta machache, imeshika nusu ya ukweli. Kwa takwimu za vyakula za Marekani, gramu 100 za ile ya stroberi zina takriban gramu 8.4 za mafuta, na ya vanila gramu 11. Sawa. Lakini wanga, ambao hapa kwa sehemu kubwa ni sukari, unapanda kutoka gramu 24 hadi karibu 28, hivyo kalori zinapishana kidogo tu: 192 kwa 207. Na tunda lenyewe? Stroberi mbichi ina miligramu 59 hivi za vitamini C katika gramu 100. Aiskrimu yake haifikishi 8.

Mtu atauliza: na kalsiamu je? Ipo, kama miligramu 120, wala siibezi. Ila maziwa ya kawaida, kwa uzito uleule, yanakaribia kiasi hicho kwa kalori zisizofika theluthi. Wengine watasema kikombe kimoja hakimdhuru mtu. Kweli kabisa, aiskrimu ni kiburudisho, na iliwe hivyo. Ninachopinga ni ushauri unaomfanya mzazi amnunulie mwanawe kikombe cha rangi ya waridi akiamini amempa matunda. Stroberi mbili tu mbichi zingempa mtoto huyo vitamini C nyingi kuliko kikombe kizima.