Vyombo vyake, nyimbo zetu: msisaini!

Najua niliahidi kuandika kuhusu mitihani ya saikolojia ya elimu na boom linavyochelewa kuliko basi la Busokelo wakati wa masika. Hayo yatasubiri. Kuna jambo limenikaa kooni wiki nzima, na nisipolisema kabla ya Jumamosi halitakuwa na maana tena.

Mnawajua wale washikaji wetu wanne kutoka Tukuyu, wanaopiga ile roki yao likizo zote pale nyumbani na wikiendi hapa chuoni. Wana magitaa mawili makavu, ngoma za kuazima na nyimbo saba, nyingine za Kiswahili, nyingine za Kinyakyusa. Sasa amejitokeza mfanyabiashara mmoja, jina kapuni, anataka kuwanunulia vyombo vyote: seti nzima ya ngoma, gitaa la besi, amplifaya, spika, hadi nyaya. Masharti yako kwenye karatasi moja na nusu, na nimeisoma mara tatu. Bendi itaitwa jina la biashara yake. Nyimbo zote, zilizopo na zijazo, ni mali yake. Anayeondoka anaondoka na nguo zake tu. Jumamosi wanasaini.

Maneno ya nyimbo mbili kati ya hizo saba niliandika mimi, kwa hiyo sijifanyi mtu wa pembeni. Nasema wasisaini. Na kwa kuwa nusu ya hosteli imeshatangaza kwamba nina wivu, ngoja nieleze kwa kirefu, halafu mnijibu kwa hoja.

Hoja ya kwanza ninayoisikia ni hii: "Roki si yetu bwana, ya Wazungu hiyo. Mnyakyusa na roki wapi na wapi? Mkipata mtu wa kuwashika mkono shukuruni, hamna wa kuwasikiliza." Yaani ukishaambiwa muziki wako ni wa kuazima, unaona kila atakayekupa chochote amekuhurumia. Ndiyo maana nasema hoja hii ni hatari kuliko ile karatasi.

Hivi tarumbeta ni za nani? Wamoravian kutoka Ujerumani walifika Rungwe mwaka 1891, na muziki wa tarumbeta ukaja na misheni. Leo nenda kwenye msiba au harusi yoyote kuanzia Kiwira mpaka Tukuyu mjini, uwaambie wazee wa usharika kwamba tarumbeta si zetu. Nakuombea urudi salama. Chombo kinakuwa cha watu pale watu wanapokishika, wanapokichangia fedha, na wanapokipigia mambo yao. Gitaa la umeme halina laana ya pekee.

Tena wanaosema Bongo haikuwahi kuwa na mambo haya hawajui historia. Ngoja niwape. Oktoba 1968 ilitangazwa Operesheni Vijana, ikaanza rasmi Januari 1969: sketi fupi marufuku, mawigi marufuku, suruali za kubana marufuku. Novemba 1969 muziki wa soul nao ukapigwa marufuku Dar es Salaam, eti unaharibu vijana na si utamaduni wetu. Mwaka uliofuata, 1970, katika jiji hilohilo, ikaanzishwa bendi ya Sunburst.

Sunburst haikuwa bendi ya jeshi, wala ya chama, wala ya shirika la umma. Ilikuwa na Watanzania na wenzao wa Zaire, na mwimbaji wao alikuwa James Mpungo. Walichukua soul, wakachukua roki, wakachukua rumba, wakatia na midundo ya ngoma za kwetu, na mtindo wao wakauita Kitoto. Waliimba Kiswahili na Kiingereza. Kuna wimbo unaitwa "Simba Anguruma", mwingine "Enzi za Utumwani". Niambieni kama majina hayo ni ya watu waliokuwa wanaiga tu. Albamu yao, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976. Albamu moja hiyo, basi.

Miaka 40 ikapita. Mwaka 2016 kampuni ya London, Strut, ikakusanya rekodi zao za 1973 hadi 1976 na kuzitoa upya. Nashukuru kwamba walifanya. Lakini fikirieni: kijana wa Tanzania anayetaka kujua kwamba nchi yake ilikuwa na bendi ya roki yenye akili zake, anapelekwa London kwanza. Mimi mwenyewe nimewasikia kwa njia hiyo, kwa bando la wiki na hedifoni ya upande mmoja. Wimbo ukikosa mtu wa kwao wa kuushika, utashikwa na atakayeukuta. Na huyo akikosekana, unapotea.

Sasa hoja ya pili, na hii ina uzito zaidi: "Bendi zote kubwa za Tanzania zilikuwa na mwenye nazo. Kwani zilipungukiwa nini?"

Ni kweli. Enzi zile karibu kila taasisi ilikuwa na bendi yake. Polisi walikuwa nayo, JKT walikuwa nayo, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Mlimani Park, iliyoanza 1978, baadaye ilikuwa ya shirika la maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Huku Nyanda za Juu, Iringa, kampuni ya umma ya kuchonga almasi ilikuwa na Tancut Almasi Orchestra, iliyotikisa miaka ya 1980. Mwanamuziki alipata mshahara, vyombo alivikuta, na muziki uliotoka humo baba zetu hawajaacha kuusikiliza mpaka leo. Sitadharau hilo.

Lakini angalieni kitu kimoja. Mwaka 1964 ilianzishwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipogeuka kuwa JUWATA, bendi ikawa JUWATA Jazz. Chama kikageuka tena kuwa OTTU, bendi ikawa OTTU Jazz. Watu walewale jukwaani, jina linabadilika kwa sababu kibao cha ofisini kimebadilika! Na leo inaitwaje? Msondo Ngoma. Jina la mtindo, jina la wapigaji na wachezaji wenyewe. Ndilo lililobaki baada ya yale ya ofisini kwisha.

Na Tancut iko wapi? Kampuni ilipoyumba, bendi nayo ikaenda na maji, wanamuziki wakatawanyika. Sasa kama hayo yaliwapata waliokuwa chini ya shirika la umma, lenye bajeti na vikao, nyie mnaotaka kuwa chini ya duka moja mnategemea nini? Biashara ikihamia Tunduma au ikifilisika, mtabaki na jina la duka lililofungwa na nyimbo ambazo hamruhusiwi kuziimba. Na zile mlizoandikiwa na rafiki yenu hapa nazo zimekwenda.

Mbaraka Mwinshehe alielewa jambo hili mapema. Alikuwa nyota wa Morogoro Jazz, na angeweza kukaa palepale. Mwaka 1973 akaondoka, akaanzisha Super Volcano yake. Alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, kwa hiyo alipata miaka isiyozidi sita ya kuwa na bendi yake. Lakini hakuna anayeuliza Super Volcano ilikuwa ya nani.

"Hao walikuwa wakubwa, sisi ni wanafunzi tu." Haya, tuwaongelee wanafunzi.

Mwaka 2003, Chuo Kikuu cha Kenyatta huko Kenya, chuo kinachojulikana kwa kutoa walimu kama sisi tunavyotarajia kuwa, vijana walianzisha kikundi wakakiita Just A Band, yaani bendi tu, basi. Blinky Bill, Dan Muli, Mbithi Masya na Jim Chuchu. Muziki wao haukuwa roki ya magitaa tupu. Ulikuwa mchanganyiko wa vinanda vya kompyuta, fanki na vitu ambavyo redio hazikujua viwekwe kipindi gani. Muziki mbadala hasa. Walirekodi wenyewe, walichora majalada wenyewe, walipiga video wenyewe. Albamu ya kwanza, Scratch to Reveal, ilitoka 2008. Ya pili, 82, ikafuata 2009. Hapo ni miaka mitano tangu waanze mpaka albamu ya kwanza, wadau. Mitano! Nyie mna miezi kumi na minne mnasema mmechoka kusubiri.

Kisha Machi 2010 wakatoa video ya wimbo "Ha-He", yenye yule jamaa mbabe anayeitwa Makmende. Kenya nzima ikaenda wazimu mtandaoni, vyombo vya habari vya Marekani vikaandika. Kama Makmende angekuwa mali ya mwenye duka, siku ile angesherehekea mwenye duka. Mwaka 2012 wakatoa albamu ya tatu, Sorry for the Delay. Baadaye kila mtu akashika njia yake: Chuchu aliongoza filamu ya Stories of Our Lives mwaka 2014, Masya akaongoza Kati Kati mwaka 2016 na ikapata tuzo ya wahakiki kwenye tamasha la Toronto, Blinky Bill akatoa albamu yake mwenyewe 2018. Bendi ilisimama, lakini hakuna aliyeondoka na nguo zake tu. Kila mmoja aliondoka na jina lake na ujuzi wake.

Najua jibu lenu: "Wale walikuwa na kompyuta, Nairobi iko mbali, sisi tuna baridi na migomba." Hapo mnanichekesha. Mwaka 1986 Tukuyu Stars ilipanda ligi kuu na kuchukua ubingwa wa Bara, mbele ya Simba na Yanga, ikitoka mji ambao wengi wa Dar hawakujua hata basi linalofika huko. Msiniambie udogo wa mji. Kompyuta mpakato hapa hosteli ziko zaidi ya kumi, na nyingi kazi yake ni kuangalia sizoni.

Sasa tuzungumze kwa vitendo, maana kukataa tu hakununui hata waya wa gitaa.

Kwanza, sheria. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na tuna COSOTA. Aliyetunga ndiye mwenye kazi yake tangu mwanzo. Haki ya kupata fedha kutokana na kazi hiyo inaweza kuhamishwa kwa maandishi, na hiyo karatasi moja na nusu ndiyo maandishi yenyewe. Kwa hiyo msiseme "tunasaini tu, tutaongea baadaye". Ukishasaini umeshaongea.

Pili, huyo mfanyabiashara si adui. Ana fedha na anapenda muziki, vizuri. Mwambieni hivi: nunua vyombo, viwe vyako, utukodishe. Kila onyesho tunakulipa kiasi fulani cha kiingilio mpaka fedha yako irudi, na bango lako tunalitundika jukwaani kwa miezi sita. Jina la bendi ni letu, nyimbo ni zetu. Akikubali, mmepata mdhamini. Akikataa, basi alichokuwa anakitaka ni nyimbo, vyombo ilikuwa chambo.

Tatu, tuchange. Mama zetu kule Katumba na Kyimbila wanacheza upatu na wanasomesha watoto kwa upatu. Usharika unanunua tarumbeta kwa harambee, na mpigaji mmoja akihama tarumbeta inabaki kwa watu walioichangia. Watu ishirini hapa chuoni tukitoa elfu tano kila mwezi, hiyo ni laki moja. Kwa mwaka ni milioni moja na laki mbili. Haitanunua kila kitu, lakini gitaa la besi la mtumba na amplifaya ndogo vitapatikana, na hakuna atakayemfukuza mtu jukwaani. Mimi naanza: boom likiingia, elfu tano yangu ya kwanza ipo.

Wanaosema kujitegemea hakulishi, wana hoja. Sunburst hawakudumu. Njaa ipo, na mwanamuziki anakula kama mtu mwingine. Ila huyo mwenye duka naye hakuandika mshahara popote kwenye karatasi yake! Nimetafuta, haupo. Kwa hiyo njaa mtakuwa nayo kwa njia zote mbili. Tofauti ni kwamba kwa njia moja mtakuwa na njaa na nyimbo saba, na kwa nyingine mtakuwa na njaa tu.

Jumamosi ni keshokutwa. Anayewafahamu awasomee haya, hata kama data zao zimekata. Na anayeona nimekosea aseme, uwanja uko wazi, matusi tu ndiyo sitaki. Aliye tayari kwa upatu anitafute kantini baada ya kipindi cha saa nane, nina daftari.