HESABU ZA WACHAWI

Kila mwaka mwezi wa Oktoba ukaribiapo, huingia katika baadhi ya mashule karatasi za hesabu zilizotolewa katika intaneti, ambazo waalimu wa ng'ambo wamezitunga kwa ajili ya sikukuu yao iitwayo Halloween. Tumezisoma zote zilizotufikia, kwa maana si desturi yetu kulaumu tusichokisoma. Zina picha za maboga yenye meno, popo, buibui, mifupa ya watu, na mwanamke mzee mwenye kofia ndefu aliyepanda ufagio. Chini yake mtoto huulizwa: Wachawi 3 wamekutana na wachawi 4, jumla yao ni wangapi?

Jibu ni 7. Lakini sisi twauliza, hao 7 ni akina nani?

Hatusemi kwamba watu wa ng'ambo wana nia mbaya. Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote. Watu wa Ayalandi walikuwa wakichonga mizizi mikubwa ya mboga na kutia taa ndani. Nao walipohamia Marekani kwa wingi katika karne ya 19, waliona maboga ya huko ni makubwa na mepesi kuchongwa, wakayatumia hayo. Siku hizi watoto wao huvaa sura za bandia, hupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, na kwao mchawi ni mtu wa ngano tu, kama sungura na fisi walivyo kwetu. Mwalimu wa Chicago akiwahesabisha watoto wachawi, hakuna bibi atakayelala kwa hofu usiku ule.

Kwetu sivyo. Sheria ya uchawi iliyotungwa mwaka 1928 ingali katika vitabu vya serikali, wala haikuandikwa kwa mzaha. Katika nchi ya Shinyanga na Mwanza akina mama wazee wengi wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni walizopikia watoto wa watu hao hao. Miaka ya 2007 na 2008 watu wenye ualbino waliwindwa kama wanyama, kwa maneno ya waganga. Mwezi wa Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Mtu asituambie kwamba hayo ni ya mbali, na Upare hayafiki. Tumekaa katika mabaraza ya vijiji vyetu, twajua yanenwayo mtoto afapo ghafula.

Tulipokuwa katika shule moja ya mlimani, karatasi hizo ziligawiwa darasa la tatu. Mtoto mmoja akaonyesha picha kwa kidole, akasema, "Mwalimu, huyu ni bibi wa pale njia panda." Darasa zima likacheka, na sisi, twaungama, tulitabasamu. Juma lile lilipokwisha, watoto walikuwa wakipita mbali na nyumba ya mama yule, na wengine wakimtupia mawe mlangoni. Alikuwa mjane, anaishi peke yake. Alikuja shuleni na fimbo yake, akasimama uani, akauliza, "Wanangu, nimewakosea nini?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Mwalimu mwenzetu ametuambia kwamba watoto huipenda karatasi ile, na hesabu ikipendwa hueleweka. Neno la pili ni kweli tupu. Lakini je, hapa kwetu hakuna cha kupendwa? Tuseme ndiva ina urefu wa mita 20, upana wa mita 15 na kina cha mita 2. Ikijaa usiku ina mita 600 za ujazo. Asubuhi hufunguliwa, maji huisha kwa saa 6, na wenye zamu ni 12. Kila mmoja atapata nusu saa, na mita 50. Mtoto ambaye baba yake amegombana na jirani kwa ajili ya zamu ya maji hatasinzia katika hesabu hiyo! Au mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba auze magunia 10 ya lumbesa, kila gunia limezidi kilo 30 juu ya kilo 100, naye alipwe magunia 10 tu: ametoa bure magunia 3. Mchuuzi amekwisha kuipiga hesabu hiyo kabla hajapanda mlima.

Babu zetu waliijua thamani ya jambo hili. Mwaka 1945 maelfu yao walishuka hadi Same, makao ya wilaya, kwa sababu ya kodi ile iliyoitwa mbiru. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa kukadiriwa mali yao na watu kwa njia isiyoeleweka. Wengi wao hawakupata kusoma hata darasa moja.

Na boga je? Boga halina kosa. Twalila, majani yake ni mboga, mbegu zake hukaangwa. Kulichonga meno na kulitupa ndiko kunakotushangaza. Kwa hiyo mwaka uliofuata tulilitumia hilo, tukaziacha karatasi. Tulikwenda na watoto kumwomba yule mama wa njia panda, akatupa moja kubwa la shambani mwake. Tulilipima, tukalipasua, tukahesabu mbegu: 386. Watoto walikuwa 43. Kila mmoja akapata 8, zikabaki 42. Ingalipatikana moja zaidi, kila mtoto angalipata 9. Waliitafuta ile moja katika makapi, chini ya madawati, hata mifukoni mwa wenzao, mpaka kengele ikalia.