Protini Isiyo na Umbo Si Protini Mbovu

Hebu chukua yai moja ulivunje katika sufuria, kisha utie maziwa katika sufuria ya pili, uzibandike zote mbili jikoni. Yai litaganda likawa gumu, na hata ulipoze mpaka kesho halitarudi kuwa ute. Maziwa nayo yatachemka, yataumuka, yatamwagika usipoyaangalia, lakini hayatashikana kama yai. Kwa nini? Si vyote viwili vina protini? Niliwauliza wenzangu chamani, nikajibiwa ati yai ni yai na maziwa ni maziwa. Jibu hilo mimi silikubali.

Katika somo la Bayolojia tunafundishwa kwamba protini ni mnyororo wa asidi amino uliojikunja ukapata umbo lake maalumu, na kwamba umbo hilo ndilo kazi yake. Kimeng'enya ni kufuli, chakula ni ufunguo. Mfano huo ulitolewa na Mjerumani Emil Fischer mwaka 1894. Joto likiukunjua mnyororo, umbo limepotea na kazi imekwisha. Ndiyo habari ya yai. Mafundisho haya ni ya kweli, wala sina ugomvi nayo. Ninachopinga ni kuyafanya kuwa ndio ukweli wote.

Sehemu kubwa ya protini ya maziwa, kama asilimia 80 katika maziwa ya ng'ombe, ni kasini. Kasini haina umbo maalumu. Ni legelege mfano wa kamba ya kufungia ngamia kabla haijafungwa. Sasa moto utavunja umbo gani, na umbo lenyewe halipo? Wala ulegevu huo si kasoro. Maziwa yamebeba kalisiamu na fosfeti kwa wingi, na vitu hivi viwili vikikutana ovyo hugeuka kuwa kama mawe. Kasini, kwa kuwa ni legelege, huvizunguka vikiwa punje ndogo mno na kuvizuia visigande ndani ya kiwele. Ingekuwa ngumu kama kufuli, ingewezaje? Na ikifika tumboni mwa ndama au mtoto, vimeng'enya huikatakata kwa urahisi kwa sababu mnyororo uko wazi.

Sisi wa Isiolo ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua jambo hili. Kina mama wa hapa mjini, kama wale wa Anolei, hupeleka maziwa ya ngamia mpaka Nairobi. Kila anayekunywa susa anajua haishikani kama maziwa lala ya ng'ombe, hubaki nyepesi. Jambo hili lina sababu zake. Mojawapo ni kasini. Mabonge madogo ya kasini yamefunikwa na aina moja ya kasini iliyochomoza kama nywele laini, zisizo na umbo, zinazoyazuia yasigusane. Maziwa yakichacha nywele hizo hulala, mabonge yakashikana. Ngamia ana kidogo sana cha aina hiyo kuliko ng'ombe, na mabonge yake ni makubwa zaidi, kwa hiyo ugandaji wake ni mwingine. Hata kimeng'enya cha tumbo la ndama kinachotumiwa kutengeneza jibini hakiyafai sana maziwa ya ngamia. Kumbe siri yote imo katika kile kipande legelege!

Mwaka 1999 wataalamu wawili walioko Marekani, Peter Wright na Jane Dyson, waliandika makala kusema wazi kwamba imani ya umbo ndilo kazi inafaa kutazamwa upya. Leo inakadiriwa kuwa thuluthi moja hivi ya protini za binadamu zina vipande virefu visivyo na umbo. Iko moja iitwayo p53, askari wa kuzuia saratani. Ncha zake ni legelege, na kwa ncha hizo hukutana na protini nyingine chungu nzima, hii ikiikunja hivi na ile ikiikunja vile. Ufunguo hufungua kufuli moja, lakini kamba moja utafungia ngamia, mzigo na hata mlango.

Tena kuna malaria. Kimelea kinapotoka kwa mbu kimejifunika protini ambayo katikati yake ina kipande kirefu kinachorudia asidi amino nne zile zile, kama mtoto anayekariri. Kipande hicho nacho hakina umbo maalumu, na sehemu yake ndiyo iliyotiwa katika chanjo ya RTS,S, iliyoanza kutolewa nchini Kenya huko Homa Bay Septemba 2019 na kupendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021. Kingamwili za mtoto hujifunza kukikamata hicho hicho kilegevu.

Lakini linalonigusa zaidi ni habari ya ubongo. Katika seli za neva kuna protini iitwayo tau, legelege pia, inayotegemeza njia za kusafirishia vitu ndani ya seli. Katika ugonjwa wa Alzheimer, tau huziachilia njia hizo na kushikamana yenyewe kwa yenyewe kuwa nyuzi ngumu. Angalia ajabu hiyo: ilipokuwa bila umbo ilifanya kazi, ilipopata umbo gumu ikawa maradhi. Mzee akisahau majina ya wajukuu wake, wengine husema ni uzee tu, na wengine hunong'ona mambo ya uchawi. Hao wa uchawi wananikera sana. Na dawa si rahisi kupatikana, maana dawa nyingi hutafuta kishimo katika protini ili ziingie, na kamba haina kishimo.

Najua nitaambiwa haya hayako katika silabasi, mtihani hauyaulizi. Sawa. Lakini mtihani huuliza kwa nini kimeng'enya huharibiwa na joto, na anayejua kwa nini kasini haiharibiwi upesi hivyo atalijibu swali hilo kwa kuelewa, si kwa kukariri.