Maji Yalitangulia: Familia za Eastlands na Safari ya Kuitafuta Bustani

Sikukuu za Disemba zinapowadia, vituo vya matatu vya Kayole, Umoja na Dandora huvaa sura isiyo ya kila siku. Watoto huwa wameoshwa wakang'ara, wakavishwa nguo ambazo hazijafuliwa hata mara moja. Mama hubeba kikapu cha chapati na mayai ya kuchemsha, na chupa ya soda ya lita mbili iliyojazwa maji ya mfereji. Baba naye husimama mlangoni mwa gari akibishana na makanga kuhusu kitinda mimba: je, alipiwe nauli au apakatwe? Aghalabu makanga hushikilia kuwa mtoto amekua, na baba hushikilia kuwa angali mchanga, huku mtoto mwenyewe akitaka sana aonekane amekua. Familia inakwenda kutembea. Inakwenda kuona miti.

Yafaa mtu ajiulize ni kwa nini kuona miti kukawa safari. Familia ya watu watano inayotoka Kayole kwenda Msitu wa Karura hupanda gari la kwanza hadi katikati ya jiji, ikalivuka jiji kwa miguu katika msongamano wa sikukuu, kisha ikapanda la pili. Jioni hurejea vivyo hivyo. Hizo ni nauli ishirini kabla ya kiingilio, na kila Mnairobi ajua kuwa nauli ya sikukuu si nauli ya Jumanne. Mkaazi wa Muthaiga, kwa upande wake, hutoka nyumbani na mbwa wake akaingia msituni kabla ya kiamshakinywa. Wote wawili ni wakazi wa jiji moja, na msitu ni wa umma. Tofauti ni kuwa mmoja huutumia msitu kama ua wa nyumba yake, ilhali mwingine huutazama mara moja kwa mwaka kama mgeni.

Hali hii haikuzuka yenyewe. Wakoloni waliligawa jiji kwa misingi ya rangi: Wazungu wakajitwalia nyanda za juu za magharibi na kaskazini, penye udongo mwekundu, mvua na misitu, Waafrika wakasukumwa mashariki kwenye tambarare ya udongo mweusi unaonata viatuni msimu wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mpango mkuu wa jiji wa 1948 ulipoandikwa, mgawanyo huo tayari ulikuwa umeota mizizi. Lakini haki isemwe. Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, ulipangwa kwa fikra ya mji wa bustani: nyumba za chini zikizunguka viwanja vya nyasi, na ukumbi wa jamii katikati. Anayepita huko leo bado huona miti mikubwa kuliko ya mtaa wowote uliojengwa karibu nao baadaye. Ni kinaya cha kusikitisha kwamba mkoloni, aliyemwona Mwafrika kuwa kibarua tu, alimwachia kiwanja cha nyasi, hali wajenzi wa Pipeline wa baada ya uhuru hawakumwachia hata pa kuanikia nguo juani.

Kwa miaka mingi jibu la familia za Eastlands lilikuwa bustani ya Uhuru Park, iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Huko hapakuwa na gari la pili. Mashua zilikuwepo, wapiga picha walikuwepo, na nyasi zilikuwa za yeyote aliyewahi kuketi. Ndiyo maana jaribio la mwaka 1989 la kujenga jumba la ghorofa sitini ndani yake lilikuwa jambo zito kuliko mzozo wa ramani. Profesa Wangari Maathai alilipinga akatukanwa hadharani na wanasiasa, lakini jumba halikujengwa. Miaka kumi baadaye, Januari 1999, alipigwa na kujeruhiwa langoni mwa Karura alipokwenda kupanda mti katika msitu uliokuwa ukigawiwa watu binafsi. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao waliingia barabarani kuutetea msitu huo.   Uhuru Park yenyewe ilipofungwa mwaka 2021 ili ikarabatiwe, lilifungwa lango ambalo Eastlands ililitegemea kuliko sehemu nyingine yoyote ya Nairobi, na malalamiko yaliyosikika magazetini hayakulingana na uzito wa hasara hiyo.

Familia zenye uwezo kidogo hukodi basi, wakachanga majirani au waumini wa kanisa moja, wakaenda mbali zaidi. Kivutio mojawapo ni maporomoko ya Fourteen Falls katika Mto Athi, ng'ambo ya Thika, chini ya mlima Ol Donyo Sabuk. Safari ni ya kilomita sitini na zaidi. Watoto hushuka basini mbio, wakasikia mngurumo kabla hawajaona maji, kisha wakafika ukingoni wakaona povu, na ndani ya povu chupa za plastiki na kandambili moja moja.

Hapa ndipo pana jambo ambalo ripoti za mazingira hulitaja kwa tarakimu, wala halihitaji tarakimu. Mto Nairobi hupita kando ya Gikomba, ukapita Korogocho na Dandora palipo na jaa kuu la jiji, kisha ukaungana na maji ya Athi juu ya maporomoko hayo. Mtoto wa Dandora aliyesafirishwa nusu siku ili akaone maumbile hukutana na maji yaliyopita nyuma ya nyumba yao. Maji yalitangulia. Hayakulipa nauli wala hayakusumbuana na makanga. Tena hayaishii hapo: mto huohuo huitwa Galana, kisha Sabaki, na humwaga mzigo wake katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kwa hivyo hata familia itakayodunduiza miaka mitatu ikampeleka mtoto pwani haijaukimbia mto wa nyumbani.

Wapo wanaodai kuwa tatizo ni watu wenyewe. Kwamba mkaazi wa Eastlands hajali mti na kwamba ukimpa bustani ataigeuza jaa. Dai hili husemwa na watu ambao takataka zao huzolewa kwa lori na kupelekwa Dandora. Isitoshe, ukweli wa mambo walikanusha. Huko Korogocho vijana wa Komb Green Solutions waliuzoa uchafu wa miaka mingi ukingoni mwa Mto Nairobi, wakapanda miti na kuweka mahali pa watoto kucheza. Huko Dandora kwenyewe, wakazi wa ua uitwao Mustard Seed walisafisha ua wao, wakaupanda maua na kuulinda, na nyua nyingine zikaiga. Hawakungoja semina. Walichokosa Eastlands si mapenzi ya kijani bali ardhi isiyonyakuliwa. Uwanja wa Jacaranda huko Donholm, kwa mfano, una jina la mti, lakini taifa lote linaujua kwa mikutano ya siasa.

Kwa mpenzi wa Kiswahili, hasara hii ina upande mwingine ambao wanamazingira hawautaji. Lugha hii iliokota sehemu kubwa ya hekima yake msituni, mtoni na shambani. Mwalimu wa Umoja huwaambia wanafunzi kuwa nyani haoni kundule, na darasa likacheka kwa sababu ya neno la mwisho tu. Nyani, kima, tumbili na mbega ni majina manne ya wanyama wanne tofauti, ila kwa mtoto aliyelelewa kati ya ghorofa za Pipeline yote ni jina moja, na mara nyingi jina lenyewe si la Kiswahili. Mkuyu na mvule hukaririwa kwa ajili ya mtihani na kusahauliwa mtihani ukiisha. Msomi atawalaumu watoto hao kwa Sheng yao! Lakini Sheng ina majina tele ya matatu, fedha na askari kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyo mbele ya macho yao. Ndege mkubwa wanayemfahamu barabara ni yule korongo mwenye mfuko shingoni, mla jalala, na huyo hawajakosa kumpa majina.

Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipowaua watu Mathare na kwingineko, serikali iliamuru kando ya mito paachwe wazi kwa mita thelathini, na nyumba za maskini zikabomolewa. Mwaka 2025 ukazinduliwa mpango wa kuusafisha Mto Nairobi. Swali ambalo halina budi kuulizwa sasa, kabla ya saruji kumwagwa, ni ukanda huo utakuwa wa nani. Ukiwa wa miti na njia za miguu kuanzia Gikomba hadi Ruai, mama wa Kayole hatahitaji nauli ishirini. Ukigeuzwa kuwa viwanja vya majengo mapya, waliobomolewa watakuwa wameondolewa ili wengine waingie.

Wakati hilo likingojewa, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, ambavyo kila mwaka huchangisha fedha za basi la kwenda kwenye makongamano ya mbali, vingeweza kutenga Jumamosi moja kwa ajili ya shule ya msingi moja ya Eastlands. City Park haiko mbali, ng'ambo tu ya Ngara. Pana miti ya kutajwa kwa majina yake na pana makaburi ya Pio Gama Pinto na Joseph Murumbi ya kuelezewa. Kima nao ni wengi, na yeyote atakayebeba ndizi azifiche vizuri.