Kihusishi Kidogo, Maana Kubwa

Aghalabu wanafunzi wa tafsiri huikazia macho nomino na kitenzi na kukipuuza kihusishi. Tuchukue sentensi ya Kiingereza "The teachers looked for the children." Wingi umo katika nomino, kitenzi "looked" hudokeza wakati uliopita tu, wala hakibadiliki hata mwalimu akiwa mmoja. Kihusishi ndicho kiamuacho maana: badala ya "for" weka "at", nao walimu waliwatazama watoto, weka "after", waliwatunza. Kiswahili hukusanya wingi, wakati na maana hiyo katika neno moja: waliwatafuta. Maadamu mambo ni hayo, afasiriye neno kwa neno hupotosha. Kwa maoni yangu, sarufi linganishi ilitangulie somo la tafsiri vyuoni mwetu, isilifuate.